Usiache Kidonge cha Jioni Chini ya Godoro: Dawa ya Kolesteroli na Ukali wa Kiharusi

   Wewe unayesoma maandishi haya ukiwa kwenye benchi la kituo cha afya, hata kama ni Nakivale au Nyarugusu, maneno haya ni yako pia. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma.

Leo nitazungumza juu ya bahasha ndogo ya karatasi, ile unayopewa kwenye dirisha la dawa.

Chukua mfano wa mama wa miaka 60 anayeishi Mahama. Ana presha, ile ambayo ndugu zetu kutoka Kongo huiita tansiyo, na ana kisukari. Asubuhi anameza dawa ya presha na ya sukari. Jioni anameza kidonge kimoja kidogo. Aliambiwa ni cha kupunguza mafuta katika damu. Siku moja anapewa karatasi ya rufaa, ile tunayoiita transferi, aende hospitali ya wilaya Kirehe, na kutoka huko aje Kigali. Anafunga kitenge, anachukua kadi, sahani na blanketi. Dawa ya presha anaibeba kwa sababu presha anaiogopa. Bahasha ya kidonge cha jioni inabaki chini ya godoro. Mafuta hayaumi, anajiambia, nitaendelea nikirudi. Lakini Kigali anakaa siku nne, tano, wiki nzima.

Sisemi habari za mtu mmoja. Wako wengi wanaofanya hivyo, wakimbizi na wenyeji. Na ninataka tuone kwa nini siku hizo chache zinaweza kuwa na uzito.

Kwanza tuelewane juu ya kiharusi. Wako wanaosema ni upepo mbaya, ni jini limempiga mtu, ni jirani amemroga. Nawaelewa. Mtu alikuwa mzima akipepeta mchele, ghafla upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Jambo la ghafla namna hiyo huonekana kama limetumwa. Lakini tatizo liko ndani ya kichwa, kwenye mishipa ya damu. Aina ni mbili. Ya kwanza, mshipa unaoingia kwenye ubongo unazibwa na donge la damu, na sehemu ya mbele inakosa damu, kama shamba la bondeni mfereji wake unapozibwa na matope. Ya pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya ubongo. Ukimwangalia mgonjwa kwa macho huwezi kujua ni ipi. Daktari naye hawezi kuwa na hakika bila kipimo cha skana ya kichwa. Hiyo ndiyo moja ya sababu za wagonjwa kuletwa Kigali, katika hospitali kubwa kama CHUK.

Ukali wa kiharusi hupimwa. Hospitali nyingi duniani hutumia alama kuanzia 0 hadi 42. Muuguzi anamwuliza mgonjwa huu ni mwezi gani, na ana umri gani. Anamwambia afumbe macho na kufumbua, akunje ngumi na kuachia. Anamwambia anyooshe mkono aushike hewani kwa sekunde 10, na mguu kwa sekunde 5. Anaangalia kama mkono unashuka, kama uso umepinda, kama maneno yanaeleweka. Kila kasoro ina alama zake. Mwenye alama 2 au 3 mara nyingi atarudi kuchota maji mwenyewe. Mwenye alama zaidi ya 20 yuko katika hatari kubwa, na akipona huenda akahitaji mtu wa kumlisha na kumgeuza kitandani. Katika nyumba ya kambini, mtu huyo wa kumgeuza mara nyingi ni binti aliyetakiwa kuwa shuleni. Ndiyo maana ukali wa kiharusi si hesabu ya madaktari peke yao.

Sasa turudi kwenye kidonge. Jina la ukoo wake ni statini. Kwenye bahasha utaona imeandikwa simvastatin, au atorvastatin, au rosuvastatin. Hizo ni dawa za ukoo mmoja. Simvastatin imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007, maana yake ni dawa ambayo nchi zinashauriwa ziwe nayo, hata zisizo tajiri.

Historia yake inanipendeza, nitaisema kwa kifupi. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliyekulia kwenye familia ya wakulima, alijua kwamba penisilini ilitokana na ukungu. Akajiuliza kama kuna ukungu mwingine unaoweza kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli. Yeye na wenzake walipima vimelea wapatao 6,000. Mwaka 1973 wakapata walichokitafuta katika ukungu wa rangi ya buluu uliotoka kwenye mchele. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987. Mzee Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90. Kwa hiyo anayekuambia kwamba vidonge hivi ni sumu ya kiwandani tu, mwambie vilianzia kwenye mchele ulioharibika.

Kolesteroli yenyewe si adui. Mwili unaihitaji. Sehemu kubwa tunaitengeneza wenyewe, ndani ya ini, na ndiyo maana hata mtu mwembamba ambaye hajaona nyama kwa mwezi mzima anaweza kuwa nayo nyingi. Nasisitiza hili kwa sababu wengi kambini huniambia: mafuta katika damu ni ugonjwa wa matajiri, sisi tunakula maharage na mahindi, yatoke wapi? Yanatoka kwenye ini lako, mzee wangu. Kolesteroli mbaya ikizidi, huganda kidogo kidogo kwenye kuta za mishipa. Ukuta unavimba, unakuwa na kidonda, kidonda kinapasuka, damu inaganda hapo, donge linaziba njia. Statini hulizuia ini lisitengeneze nyingi, na kulifanya livute iliyoko kwenye damu. Ini hufanya kazi hiyo zaidi usiku, na hiyo ndiyo sababu simvastatin humezwa jioni. Atorvastatin unaweza kuimeza saa yoyote, mradi iwe saa ileile kila siku.

Kwamba dawa hii hupunguza uwezekano wa kupata kiharusi cha kuziba, hilo limethibitishwa vizuri. Uingereza walifuatilia watu zaidi ya 20,000, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba kwa waliomeza simvastatin, kiharusi kwa jumla kilipungua kwa karibu robo. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya wagonjwa 4,731 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za kupita. Nusu walipewa atorvastatin ya nguvu kubwa, nusu vidonge visivyo na dawa. Katika miaka kama mitano, waliopata kiharusi tena walikuwa 265 upande wa dawa, na 311 upande wa pili. Tofauti si ya miujiza, lakini ipo. Na niseme na upande mwingine, kwa sababu mkizungumza na daktari mtausikia: viharusi vya kuvuja damu vilikuwa 55 kwa waliomeza dawa na 33 kwa wasiomeza. Kwa hiyo aliyewahi kuvuja damu kichwani asianze statini bila daktari kupima faida na hatari yake.

Lakini swali letu la leo ni jingine. Je, mtu ambaye tayari anameza statini, kiharusi kikimpata, kitakuwa chepesi?

Watafiti wa nchi nyingi wameliangalia jambo hili. Walichukua majina ya wagonjwa wa kiharusi cha kuziba waliofika hospitali, wakatenganisha waliokuwa wakimeza statini na wasiokuwa wakimeza, wakalinganisha. Mara nyingi waliona kwamba waliokuwa wakimeza walipona vizuri zaidi na wengi wao walikuwa na alama ndogo walipofika. Si kila utafiti uliona hivyo, lakini ni mingi. Maelezo yapo: statini haipunguzi kolesteroli tu. Inasaidia mishipa midogo ipanuke, inatuliza uvimbe ndani ya kuta zake, na inasaidia njia za pembeni zipitishe damu pale njia kuu inapozibwa. Mnajua wenyewe daraja likivunjika: kijiji chenye vijia vingi hakilali njaa haraka kama kile chenye barabara moja.

Hata hivyo, nisiwadanganye. Ushahidi wa namna hiyo una tundu. Mtu anayemeza dawa yake kila siku ni mtu wa namna gani? Mara nyingi ndiye anayehudhuria kliniki, anayepima presha, aliyeacha sigara, mwenye mtoto wa kumkumbusha. Huenda ni mambo hayo ndiyo yaliyopunguza ukali, kidonge kikapewa sifa. Ni kama kusema mwavuli huleta afya kwa sababu wenye miavuli hawaugui mafua. Ili kuziba tundu hilo inabidi kupiga kura, nani apate na nani asipate.

Kura hiyo ilipigwa Hispania, na mimi naona ndiyo habari kubwa ya leo. Zamani mgonjwa wa kiharusi alipolazwa, ilikuwa kawaida kusimamisha statini kwa siku za kwanza, kwa sababu hawezi kumeza vizuri au kwa sababu madaktari waliona si ya haraka. Madaktari wa huko walichukua wagonjwa 89 ambao wote walikuwa wakimeza statini kabla ya kiharusi. Kwa kura, wengine wakasimamishiwa dawa kwa siku 3 tu, wengine wakaendelea tangu siku ya kwanza. Baada ya miezi 3 wakaangalia nani amefariki au anategemea watu wengine kwa mahitaji yake. Kwa waliosimamishiwa walikuwa 60 katika kila 100. Kwa walioendelea, 39. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 89 ni wachache, na ningependa tuwe na utafiti mkubwa zaidi. Lakini siku 3, ndugu zangu! Siku 3 ni muda wa kusubiri gari la rufaa na kitanda.

Jambo moja lisichanganywe na hili. Kumpa statini mtu ambaye hajawahi kuimeza, katika saa zile za kwanza za kiharusi, si dawa ya kukizima. Wajapani walijaribu kuianza mara moja badala ya kungoja siku ya saba, na hali za wagonjwa hazikutofautiana. Kwa hiyo mama yako akianguka, usikimbie kwa jirani kuomba kidonge cha mafuta. Usimpe aspirini pia, kwa sababu hujui kama mshipa umezibwa au umepasuka. Ukiwa umepasuka, aspirini itazidisha kuvuja. Usimpe chochote mdomoni, hata maji. Koo lake linaweza kuwa limelegea, na maji yakaingia kwenye mapafu. Mwangalie uso kama umepinda, mwambie ainue mikono yote miwili, mwambie aseme sentensi moja. Kimoja kikikosekana, angalia saa, ikumbuke saa hiyo, na mpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho wala kungoja mwombezi. Maombi yatafanyika njiani. Hapa Rwanda gari la wagonjwa linaitwa kwa namba 912, bila malipo. Kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umezibwa, ubongo hupoteza seli karibu milioni 2.

Na anayemsindikiza, gadimaladi, achukue bahasha zote za dawa zilizo nyumbani. Zote, na ile ya chini ya godoro. Ukifika, mwambie muuguzi maneno haya: “Alikuwa anameza hii kila jioni, mara ya mwisho ni jana. Ataendelea lini?” Muuguzi atapima kwanza kama anaweza kumeza. Kama hawezi, ziko njia nyingine za kumpa, na uamuzi ni wa daktari. Kazi yako ni kuhakikisha swali limeulizwa. Katika wodi yenye wagonjwa wengi kidonge cha jioni husahaulika kirahisi, na anayekikumbusha mara nyingi ni mtu wa nyumbani.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mimi siachi kwa kusahau, dirisha la dawa ndilo halina. Ni kweli, hutokea. Ukiambiwa simvastatin imekwisha, usirudi nyumbani kimya. Uliza kama atorvastatin ipo, na mwombe mganga aandike upya. Usibadilishe mwenyewe kwa kuangalia namba, maana miligramu 10 za atorvastatin hazina nguvu sawa na miligramu 10 za simvastatin. Usichukue za jirani. Na ukipewa tarehe ya kurudi, hesabu vidonge ukiwa bado dirishani: kama tarehe ni baada ya siku 30 na vidonge ni 20, sema hapohapo, usingoje siku ya 21. Mkazi wa Kigali mwenye mutuelle, weka malipo yako ya mwaka sawa kabla hujaugua, si baada.

Wengine huacha kwa sababu ya maumivu. Husema dawa hii inakula misuli. Hapa nina kisa kizuri. London walichukua watu 60 ambao wote waliwahi kuacha statini kwa sababu ya kuumwa. Kila mmoja akapewa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: 4 zenye statini, 4 zenye vidonge vitupu visivyo na dawa, na 4 zisizo na kitu ndani. Kila siku waliandika wameumwa kiasi gani. Mwezi wa chupa isiyo na kitu waliumwa kidogo. Miezi ya statini waliumwa zaidi. Lakini miezi ya vidonge vitupu waliumwa karibu vilevile! Asilimia 90 ya maumivu yaliyokuja na statini yalikuja pia na vidonge visivyo na dawa. Maumivu yalikuwa ya kweli, hawakuwa waongo. Ila yalitokana na woga wa kidonge kuliko kidonge chenyewe. Nusu ya watu hao, walipoonyeshwa maandishi yao wenyewe, walirudi kwenye dawa.

Hata hivyo hatari ya kweli ipo, ingawa ni nadra. Misuli ikiuma sana au ikilegea, na mkojo ukawa mweusi kama Coca-Cola, acha kidonge na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Macho yakiwa ya manjano, vivyo hivyo. Mjulishe mganga kama unameza dawa za kupunguza virusi vya UKIMWI, dawa za kifua kikuu, au kama umeandikiwa erithromaisini au klarithromaisini, maana baadhi ya hizo hugombana na statini: nyingine huizidisha nguvu, nyingine huifuta. Mwenye mimba au anayenyonyesha aseme kabla ya kupewa. Na balungi liache likaliwe na watoto.

Nimesema mengi juu ya kidonge hiki, lakini kisichukue nafasi ya dawa ya presha. Afrika Mashariki na Kongo, adui wa kwanza wa ubongo ni presha isiyotibiwa, na viharusi vya kuvuja damu ni sehemu kubwa zaidi kwetu kuliko Ulaya. Tanzania, watafiti walihesabu viharusi kati ya mwaka 2003 na 2006 wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, na baada ya kusawazisha umri, mjini vilikuwa karibu mara tatu ya vijijini. Ninyi mliotoka milimani mkaja kuishi mmebanana, chumvi na vipande vya supu vya dukani vikiwa kitoweo cha kila siku, mnafanana zaidi na watu wa Dar kuliko wa Hai. Pimeni presha. Hapa Kigali, zile Jumapili ambazo barabara hufungwa magari ili watu watembee na kukimbia, presha na sukari hupimwa bila malipo. Kambini, mhudumu wa afya wa mtaa wako atakuelekeza.

Namalizia na swali ambalo huulizwa kila mara: nilipata kiharusi miaka miwili iliyopita, sasa natembea, je, niendelee kumeza? Kama kilikuwa cha kuziba na daktari aliandika statini, ndiyo, endelea hata kama unatembea vizuri kuliko mimi. Kama hukuandikiwa, au hukuambiwa kilikuwa cha aina gani, siku ya kliniki beba karatasi ya Kigali, ile yenye majibu ya skana, umwonyeshe mganga na umwulize. Kama karatasi ilipotea katika kuhama kutoka Gihembe kwenda Mahama, mwambie hivyo, pamoja na mwezi na mwaka uliolazwa na jina la hospitali, ili wajaribu kuitafuta huko ulikolazwa.